Mtambo Usio na Moshi

Jumamosi, 1 Juni 1957

Chujio la pampu ya mji limeziba tena. Matope. Nimelisafisha mara mbili kabla ya saa nne, mara ya tatu nikalipiga teke. Teke halikusaidia kitu, ila kidole kinauma.

Nyumbani tangi limejaa. Mapipa mawili juu ya nguzo, futi tisa kutoka chini, nimeyaunga mwenyewe. Upande huu wa Garissa hakuna nyumba nyingine ya mtu mweusi yenye mfereji ndani. Umeme hatuna na sidhani tutauona. Lakini maji yapo, ukifungua koki yanakuja. Najivunia hilo kuliko inavyofaa.

Habiba amebakiza wiki sita, kwa hesabu ya mkunga. Leo alilia alipoingia jikoni. Sahra, mdogo wake, mwanawe wa miezi sita mgongoni, alikuwa akichemsha maji ya kufulia, na debe lilikaa juu ya mafiga vilevile kama siku ile. Mwaka mmoja na miezi miwili sasa. Zuhura wetu alikuwa na miaka mitatu. Alilivuta tu. Aliishi siku mbili.

Nimemwambia Sahra maji yasichemshwe tena kwa debe nyumbani humu. Akaniuliza, sasa arobaini itakuwaje, shemeji? Ana haki ya kuuliza. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, siku arobaini. Hayo ni madebe mangapi juu ya mafiga, sitaki kujua.

Mimi fundi bomba. Kama siwezi kumpatia mke wangu maji ya moto bila debe, basi spana zangu nizitupe mtoni.

Jumatatu, 3 Juni

Njia ziko tatu. Naziandika nizione.

Pipa la nje. Pipa la chuma juu ya tanuri la mawe, kuni chini, maji baridi yanaingia chini na ya moto yanatoka juu. Nimewajengea Wazungu mapipa manne hapa mjini na moja Wajir. Halina maringo na haliharibiki. Ila linakula kuni, na kuni siku hizi wanawake wanazifuata mbali, wanatoka alfajiri wanarudi adhuhuri. Tena upepo wa hagaa umeanza, ule wa miezi hii mikavu. Cheche moja kwenye paa langu la makuti na sote tutalala nje.

Mafuta ya taa. Mtambo wa utambi, stovu kubwa yenye tangi. Unanuka, unatoa masizi. Niliwahi kuitwa kutengeneza mmoja nikakuta umeshaunguza pazia. Hapana.

Gesi. Mtungi unakaa nje, bomba jembamba linapita ukutani, mtambo unatundikwa bafuni. Wenyewe hauweki maji. Ukifungua koki, moto unawaka na maji yanapita humo baridi, yanatoka ya moto. Ukifunga, moto unazimika. Hakuna chombo kinachochemka. Hakuna cha mtoto kuvuta. Niliuona Nairobi mwaka juzi nilipokwenda kuchukua vipuri vya pampu, nikasimama kuutazama mpaka mwenye nyumba akadhani nataka kuiba.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Najijua. Lakini nautaka ule wa gesi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda kwa Salim, Mwarabu mwenye duka karibu na soko la mbuzi. Anauza kila kitu kutoka sukari hadi misumari, na asichonacho anaagiza Nairobi. Amenicheka. Ati Mswahili wa Lamu ameshindwa na maji baridi ya Garissa. Maji ya Garissa mchana hayana ubaridi wowote, nikamwambia, ila duka lako ndilo lenye baridi, halina wateja.

Ana kitabu cha picha. Mitambo miwili. Mkubwa una dohani ya kutolea hewa chafu juu ya paa, lakini unataka maji yashuke kutoka futi kumi na tano. Tangi langu lina tisa. Kuinua nguzo kunataka mbao na watu, na Habiba hanisubiri. Halafu hiyo dohani. Nimeona nyumba moja ya serikali hapa, hagaa ikivuma inarudisha hewa chini kupitia bomba na kuzima moto. Mwenye nyumba alioga maji baridi hadi Oktoba.

Mdogo hauna dohani. Futi tisa zinautosha. Chini ya picha kuna maandishi madogo ya Kiingereza. Kiingereza changu ni cha spana na skrubu, kwa hiyo Salim alinisomea. Chumba lazima kiwe na tundu la hewa chini na jingine juu, wazi siku zote. Yakizibwa, hewa inaharibika na mtu anakufa bila kusikia harufu yoyote. Alinisomea mara mbili, mara ya pili polepole.

Nikamwambia matundu mawili ni kazi ya nusu siku.

Jumapili, 9 Juni

Tumebishana. Habiba anataka pipa la nje. Maneno yake: moto ukae nje, binadamu wakae ndani, basi. Mwanamke hajashika spana maishani mwake na amesema neno la fundi.

Nikaleta mengine. Kuni. Cheche. Nani atakaa kuchochea huku ana mtoto mchanga. Nikasema mtambo wa gesi hauna hata moshi. Akaniuliza mara moja tu, akinitazama: hauna madhara? Nikasema hauna.

Sikumwambia aliyoyasoma Salim. Angejua kuwa kitu kile kinaweza kuua asingekubali kutia mguu bafuni. Nikamwambia nitatoboa matundu mawili, yasizibwe, ni ya kutolea mvuke.

Ni uwongo mdogo. Matundu yatakuwepo na yatafanya kazi yake, watu wakijua sababu au wasijue.

Jumatano, 12 Juni

Nimeagiza mdogo. Salim ameandika barua, dereva wa lori ameichukua. Habiba alikanda unga. Alipika mufa wa kwetu, mkate ambao hawezi kuupika vizuri, na akanitazama nikiula wote.

Jumanne, 25 Juni

Lori limefika. Lilikaa upande wa pili wa mto tangu asubuhi kwa sababu pantoni ilikwama mchangani. Nilivuka kwa mtumbwi kwenda kuutazama mzigo wangu. Sanduku zima, halikupasuka. Mitungi miwili ya gesi, imefungwa kwa kamba baina ya magunia ya unga. Wapagazi wanaiogopa.

Jumatano, 26 Juni

Kazi siku nzima. Mtambo mweupe, mzuri, umetulia ukutani. Mtungi nimeuweka nyuma ya nyumba, kwenye ua wa wanawake, kivulini. Bomba la gesi nimelipaka sabuni kwenye kila kiungo, hakuna povu hata moja. Tundu la chini upana wa tofali, la juu vilevile, yote yanatazama uani. Nimeweka wavu ili nyoka asipite.

Hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Ijumaa, 28 Juni

Baada ya sala nimeujaribu. Nilifunga mlango nikakaa ndani na maji yakimwagika kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote anavyooga. Moto wa buluu, mfupi, unavuma sawasawa. Kichwa hakikuniuma. Upepo ulipita chini ukatoka juu kama nilivyopanga.

Habiba akaja akaweka mkono kwenye maji. Akauacha hapo. Kisha akacheka. Tangu msiba wa Zuhura sikumbuki kumwona akicheka bafuni au jikoni.

Nimefurahi kupita kiasi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 1 Julai

Mama mkwe amewasili kutoka Diff. Siku tatu juu ya lori la wafanyabiashara wa ng'ombe. Mama Dahabo. Nilimsalimu nikiwa nyuma ya mlango, uso chini, naye akajibu akiwa amejifunika na kunigeuzia ubavu. Kwetu Lamu mkwe ana haya yake, lakini kwa Wasomali ni zaidi. Mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani. Miaka sita nimemwoa binti yake, na sura yake siijui. Miguu yake naijua. Maneno hupita kwa Sahra, yakienda na yakirudi.

Sahra anasema mama yake aliuzunguka mtambo mara tatu akitafuta moshi unatokea wapi. Alipoambiwa haupo, akasema mashallah.

Nimehamishia vitu vyangu stoo ya pampu. Mtoto akizaliwa nyumba ni ya wanawake mpaka arobaini itimie.

Alhamisi, 11 Julai

Mtoto wa kiume. Alfajiri. Idd imepita juzi tu, nyama bado iko ndani. Habiba mzima. Alhamdulillahi.

Ataitwa Omari, jina la baba yangu. Nimemshika kidogo mlangoni. Mwepesi sana.

Jumapili, 14 Julai

Hagaa inavuma tangu juzi. Vumbi kwenye meno, kwenye chai, kwenye beringi za pampu.

Nilikwenda kupeleka sukari. Sahra akaniletea swali mlangoni. Mama anauliza, yale matundu ya nini? Ubebo unaingia, ndivyo wanavyotamka upepo. Mzazi akipigwa na upepo ndani ya arobaini anaharibika kiuno na maziwa yanakatika, kila mtu anajua. Nikasema yasizibwe. Akauliza kwa nini. Nikasema mvuke.

Akaingia, akarudi na kicheko. "Shemeji, mama anasema mvuke ni dawa. Mzazi anatakiwa abate joto."

Mama Dahabo alikuwa nyuma ya pazia. Nikaona vidole vyake vya miguu chini ya kitambaa, vina hina. Hatua mbili tu kutoka nilipo. Kisomali changu ni cha sokoni lakini kingetosha. Ningesema: mama, hewa ya mle ikizibwa inaua. Lakini ndiyo nianze kuzungumza na mama mkwe juu ya mwili wa binti yake akiwa anaogeshwa, na niseme mbele ya watu kuwa nilimficha mke wangu?

Nikamwambia Sahra, mwambie fundi amesema yasizibwe. Nikaondoka.

Alhamisi, 18 Julai

Siku ya saba. Tumechinja. Watu wengi. Bi Kaltuma, jirani yetu muuza maziwa, alileta chombo kizima cha maziwa ya ngamia bila malipo.

Nilimwona Habiba kwa mbali, amekaa kitandani na mtoto. Ameiva uso. Nikadhani ni afya. Akanipungia mkono, kisha akaweka mkono uleule kwenye paji la uso. Sahra anasema ni kichwa tu, kinamuuma akitoka kuoga.

Jumatatu, 22 Julai

Kichwa hakijaacha. Jana alitapika baada ya kukandwa. Mama Dahabo naye anaumwa kichwa, anasema ni uzee na vumbi la njiani.

Dresa wa zahanati, Yohana, Mpokomo, mtu mwangalifu, amempa vidonge vya malaria. Mama Dahabo ana dawa yake. Anasema ni jicho la hasidi. Kabla ya kumwogesha sasa anatia uunsi bafuni, ule ubani wao wenye sukari, juu ya makaa kwenye chetezo, mlango umefungwa, ili kilichomwingia kitoke.

Nilimwuliza Sahra, matundu yako wazi? Akasema yako wazi kidogo.

Kidogo. Tundu la hewa haliwi wazi kidogo. Nilijua hivyo nikiwa nimesimama pale. Nikalipokea neno lake kwa sababu nililitaka.

Alhamisi, 25 Julai

Sahra ameniletea chakula stoo. Yuko mchangamfu. Anasema nisiwe na wasiwasi juu ya mtambo, moto wake umezidi kuwa mzuri. Zamani ulikuwa mfupi na wa buluu, haupendezi. Siku hizi ni mrefu, wa manjano, kama moto wa kweli.

Nimeacha kula.

Moto wa gesi ukiwa wa manjano umekosa hewa. Mwanafunzi wa siku ya kwanza anajua. Ama vumbi limeziba midomo ya mtambo, ama matundu yamezibwa, ama yote mawili.

Nikamwambia, mwombe mama aniruhusu niingie leo niusafishe. Akaenda, akarudi. Leo haiwezekani, Habiba yumo na hali yake si nzuri. Kesho Ijumaa wanawake wanakuja kumsomea. Jumamosi, akishaogeshwa asubuhi, watamhamishia chumba cha mbele, nami nitaingia. Nikasema sawa.

Mtungi uko uani. Ningepiga hodi, nikaufunga, ikaisha. Niliwaza hivyo. Kisha nikawaza watafanya nini wakikosa maji ya moto. Watatia debe juu ya mafiga. Nikaliona debe. Nikasema Jumamosi si mbali.

Ijumaa, 26 Julai

Beringi ya pampu imevunjika saa mbili asubuhi. Mji mzima hauna maji. Bwana mkubwa wa serikali alikuja mtoni mwenyewe na kofia yake, akanisimamia mpaka saa kumi. Sala ya Ijumaa imenipita. Nimechonga beringi kwa mti, itashika siku mbili tatu.

Sikufika nyumbani. Kesho.

Jumamosi, 27 Julai

Habiba amefariki. Saa tatu asubuhi, au kabla.

Waliniita nikiwa najiandaa kwenda. Nilikuwa nimeshashika mfuko wa spana.

Mama yake alimkanda, akamkalisha kwenye kigoda apate joto, maji yakiachwa yamwagike. Mtoto akalia chumba cha pili. Akatoka kumnyamazisha. Alipomaliza akamwita Habiba, kimya. Akadhani anaomba dua. Akamwita tena.

Tumemzika kabla ya alasiri.

Jumapili, 28 Julai

Yohana alikuja kwenye tanga. Alinivuta pembeni. Sahra amemwambia uso wa marehemu ulikuwa mwekundu, na midomo. Akaniuliza, mle bafuni kulikuwa na jiko la makaa? Nikasema jiko la makaa halikuwepo, mtambo sikuutaja.

Alinitazama. Akarudi kukaa na watu.

Jumatano, 31 Julai

Wanawake wamehamia chumba cha mbele. Nimeingia bafuni.

Ukuta ulio juu ya mtambo umekuwa mweusi. Midomo ya moto imejaa vumbi laini la hagaa, nimelifuta kwa kidole. Tundu la chini limezibwa kwa kanga iliyokunjwa, na juu ya kanga udongo, umesawazishwa kwa kiganja na kupakwa maji ukanyooka. La juu limeshonewa kipande cha ngozi ya mbuzi, sindano kubwa, mishono ya karibukaribu. Imeshikamana na wavu wangu. Kazi safi. Hakuna fundi ambaye angeziba vizuri kuliko vile.

Mama Dahabo alimpenda mwanawe. Alizuia upepo usimguse. Mimi ndiye niliyemwambia ni mvuke.

Nimeketi kwenye kile kigoda. Mficha uchi hazai, wazee wetu walisema, na mimi nilifikiri ni maneno ya kuwachekea wagonjwa wenye aibu. Sikumwambia Habiba kwa sababu nilitaka mtambo wangu. Sikumwambia mama yake kwa sababu ya haya. Salim alinisomea mara mbili.

Nimeufungua mtambo, nimeutoa ukutani. Umelala stoo chini ya gunia. Sina nguvu ya kuuvunja.

Jumatatu, 5 Agosti

Pampu. Chujio. Nakula nikikumbuka.

Mtoto ananyonya kwa Sahra, ambaye ana wake wa miezi minane. Omari amepungua.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimesikia sokoni. Wanasema Bi Kaltuma ndiye mwenye jicho. Siku ya saba aliingia na maziwa yake, akamtazama Habiba akasema umependeza wee, bila kusema mashallah. Mama Dahabo hakusema hivyo kwa ubaya, amesema tu anakumbuka. Lakini neno limetoka. Leo vyombo vya Bi Kaltuma vilikaa juani mpaka maziwa yakaharibika. Hakuna aliyenunua.

Nilinunua mimi. Hakunishukuru. Ananiogopa, anadhani nimekuja kumchunguza.

Jumatano, 14 Agosti

Wamewatupia mawe kuku wake. Wanawake wanavuta watoto ndani akipita. Ni mjane, hana ndugu karibu, wako Bute.

Mimi najua na nimekaa kimya. Mara ya tatu sasa. Kwanza kwa Habiba, kisha kwenye pazia, kisha kwa Yohana. Hii ni ya nne basi. Hata kuhesabu nimeshindwa.

Nikisema, Mama Dahabo atajua ni mikono yake iliyoziba. Nitampa mzigo wa kumuua mwanawe, mzee wa watu, akarudi nao Diff. Nikinyamaza, Bi Kaltuma ataubeba. Hapa mzigo huu una mwenyewe, na mwenyewe anaandika daftari.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimemwomba Sahra aniulizie kama naweza kuonana na mama yake. Sio kupitia mlango. Uso kwa uso. Sahra alishika mdomo. Amekwenda. Hakurudi na jibu.

Jumatatu, 19 Agosti

Jibu limekuja. Kesho, arobaini ya mtoto, baada ya watu kuondoka.

Nimeoga mtoni. Sikuweza kulala mchana.

Jumanne, 20 Agosti

Arobaini ya Omari. Wamemtoa nje akaliona jua, wamemnyoa. Watu wachache. Bi Kaltuma hakualikwa.

Niliingia chumba cha mbele. Mama Dahabo alikaa kwenye mkeka, mtoto begani, Sahra kando yake. Hakugeuza ubavu. Ni mara yangu ya kwanza kumwona. Ana macho ya Habiba, na kovu dogo kidevuni. Mdogo kuliko nilivyodhani.

Nilisema kwa Kisomali changu kibovu, na pale kiliponishinda Sahra akanisaidia, mpaka naye akashindwa kwa kulia. Nikasema Bi Kaltuma hana kosa. Hakuna jicho. Matundu yale hayakuwa ya mvuke. Yalikuwa ya kuingiza hewa, kwa sababu ule moto unakula hewa na kuacha sumu isiyo na harufu. Nilijua tangu siku ya kwanza. Mke wangu nilimdanganya ili akubali. Wewe nilikuona miguu nyuma ya pazia nikaona haya, nikaondoka. Ulichofanya wewe ni kufunika mtoto wako. Aliyeua ni mimi.

Nilifikiri atanilaani, na nilikuwa tayari. Alimtazama Sahra, akatazama mlango wa bafu, akanitazama mimi. Kisha akasema kwa Kiswahili, Kiswahili chake cha kuuza mbuzi, ili nisipate shida kumwelewa.

"Fundi. Kama wewe nasema ile siku, mimi nafungua tundu."

Akavaa shuka yake kichwani. Akamwagiza Sahra aende akamwite Bi Kaltuma, na Sahra akatoka. Mtoto alicheua begani mwake, akampangusa mdomo kwa ncha ya shuka. Nilikaa pale mpaka alasiri, tukimngoja Bi Kaltuma.